Pima, Andika, Ndipo Ukate Marinda

(Mazungumzo ya mwalimu wa ushonaji mbele ya kikundi cha akina mama kijijini)

 

Leo tuzungumze juu ya marinda. Kwanza niwaambie kosa langu. Nilipoanza kushona, mama mmoja aliniletea kitambaa cha gauni la mwanawe la Idi. Mimi nikakata kwa macho tu. Marinda yakawa haba, sketi ikabana. Siku ya sikukuu mtoto akaruka kidogo, mshono ukaachia! Nilinunua kitambaa kingine kwa fedha yangu. Basi nikajifunza: pima, andika, ndipo ukate.

Hesabu yake ni hii. Kitambaa cha marinda kiwe mara mbili ya mahali kinaposhonewa. Kiuno cha gauni kikiwa sentimita 60, sketi iwe sentimita 120. Kata vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, kila kimoja sentimita 62. Zile 2 za ziada ni za mishono ya ubavuni. Kitambaa kizito kama kaki, mara moja na nusu yatosha. Chepesi sana, mara mbili na nusu.

Sasa tushone.

1. Unganisha mbavu za sketi.

2. Weka cherehani kwenye mshono mrefu. Piga mistari miwili juu ya sketi: wa kwanza nusu sentimita kutoka ukingoni, wa pili sentimita moja na nusu. Mbele piga peke yake, na nyuma peke yake. Usirudishe mshono mwishoni. Acha nyuzi ndefu za kushika. Huna cherehani? Piga bandi kwa mkono, hatua ndogo zilizo sawa.

3. Gawa sketi mara nne, utie alama za chaki. Kiuno nacho gawa mara nne. Bana alama kwa alama kwa pini.

4. Vuta nyuzi za chini za mistari yote miwili pamoja, polepole, mpaka sketi ilingane na kiuno. Ukivuta kwa nguvu uzi utakatika. Sambaza marinda kwa vidole, yasirundikane mahali pamoja.

5. Rudisha mshono mfupi. Shona katikati ya ile mistari miwili, kisha fumua mstari unaoonekana nje.

Marinda ya foronya ni vivyo hivyo. Mto wa sentimita 60 kwa 40 una mzunguko wa sentimita 200. Basi utahitaji utepe wa sentimita 400.

Ndugu zangu, kusoma na kuandika tumekwisha jua. Kila mteja na awe na ukurasa wake: jina, kiuno, urefu, tarehe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na kitambaa kikishakatwa hakirudi.

 Haya, nani ana futi kamba? Tuanze kupima.