Kibaba cha Mfuto na Kibaba cha Tele



Nimeombwa niseme machache juu ya desturi za soko za wazee wetu wa Mombasa. Kabla shilingi ya Afrika Mashariki haijaanza mwaka 1921, na hata kabla ya rupia kuenea, Wamijikenda walivuka kuja kisiwani na nafaka na sandarusi, wakarudi na nguo, shanga na masango. Majahazi ya kaskazi nayo yalileta tende, yakarudi na boriti.

Nafaka ilipimwa kwa kibaba. Vibaba 4 ni pishi, na pishi 60 ni jizila. Lakini kibaba chenyewe kilikuwa cha namna mbili: cha mfuto, kilichosawazishwa kwa kiganja, na cha tele, chenye kilele juu. Hapo ndipo maneno yalipozuka, maana mwenye duka mjanja alinunua kwa tele akauza kwa mfuto.

Marehemu bibi yangu alikopeshwa mahindi kwa mfuto, akalipa kwa tele, mavuno baada ya mavuno. Siku alipodai kipimo kile kile, alinyimwa mkopo, na watoto wakalala kwa muhogo. Tangu hapo hakwenda dukani bila kibaba chake mwenyewe.

Siku hizi pale Marikiti mizani ipo, lakini mitaani wengi wetu hununua kwa kopo, na kopo huweza kubonyezwa kitako. Naomba chama kiweke kopo moja lililohakikishwa hapa ofisini, ili mwanachama mwenye shaka aje apime alichouziwa.