Rasimu na Nakala Iliyopitishwa: Namna ya Kuona Kilichobadilika



Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka makadirio ya bajeti yafike katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Baadaye wananchi hutoa maoni, kamati huketi, na bajeti hupitishwa kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Mkazi wa Kiunga au Witu aliyehudhuria kikao cha maoni anaijua rasimu aliyosomewa. Je, anajua kilichomo katika nakala iliyopitishwa?

Nakala hizo mbili kutofautiana si kosa. Maoni yasiyoweza kubadilisha lolote hayana faida. Jambo la msingi ni mwananchi kuona kilichobadilika, wapi na kwa kiasi gani. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kifungu cha 131 cha sheria hiyo kinasaidia sana. Bunge la Kaunti likiongeza fedha mahali pamoja, lazima lipunguze mahali pengine. Kwa hiyo, anayefurahia nyongeza ya zahanati ya kijijini kwake atafute pia penye upungufu. Huenda ni barabara ya jirani, au maji ya kijiji chake mwenyewe.

Tarakimu peke yake hazitoshi. Chukulia mfano huu wa kubuni. Rasimu inasema: “Ujenzi wa gati, Kizingitini, shilingi milioni 12.” Nakala iliyopitishwa inasema: “Ukarabati wa gati, kisiwa cha Pate, shilingi milioni 12.” Jumla haikuguswa, lakini ujenzi umekuwa ukarabati, na Kizingitini haitajwi tena. Katika miswada ni vivyo hivyo: “itatoa” ikigeuzwa kuwa “inaweza kutoa”, wajibu umekuwa hiari.

Kulinganisha kuna utaratibu wake. Kwanza, hakikisha tarehe na jina la kila nakala. Pili, usifuate kurasa, maana mstari mmoja ukiongezwa kurasa zote husogea. Fuata idara, programu, jina la mradi na wadi. Tatu, weka alama: kilichoondolewa kipigwe mstari katikati, kilichoongezwa kipigwe mstari chini, kilichohamishwa kiandikiwe kilikotoka na kilikoenda. Nne, kagua jumla za kila idara.

Kompyuta hurahisisha kazi hii, lakini inahitaji kuangaliwa. Programu inayolinganisha mstari kwa mstari huuona mradi uliohamishwa kutoka jedwali moja hadi jingine kama mradi uliofutwa, kisha mradi mpya ulioongezwa. Nakala iliyopigwa picha nayo ni vigumu kuilinganisha, kwa kuwa maneno yake ni picha tu. Ndiyo maana inafaa kuomba nakala yenye maandishi yanayosomeka kwa kompyuta.

Miswada ya marekebisho katika Bunge la Taifa hutoa mfano mzuri. Mswada hutaja maneno ya kufutwa na ya kuwekwa, na mwishoni huchapishwa vifungu vya sheria ya zamani vinavyoguswa, ili msomaji aone vyote viwili.

Lamu inaujua uzito wa jambo hili. Tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Kwasasi. Miongoni mwa sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo juu ya ripoti kamili ya athari za mazingira. Kuulizwa maoni kabla ya ripoti kukamilika hakukutosha.

Kwa upande mwingine, tarehe 29 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023, iliamua kwamba si lazima umma urudiwe kila mara mswada unapofanyiwa mabadiliko baada ya maoni kutolewa. Maana yake kwa mkazi wa kawaida ni kwamba asingoje kikao cha pili. Afuatilie nakala yenyewe.

Haki ya kuipata ipo. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 humruhusu raia kuomba habari kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika huandikiwa ombi lake na afisa husika. Uamuzi hutakiwa kutolewa ndani ya siku 21. Ombi liwe wazi: rasimu iliyopelekwa kwa umma, nakala iliyopitishwa, na ripoti ya kamati inayoeleza sababu za mabadiliko.

Bajeti ya ziada ikija katikati ya mwaka, kazi ni ileile, na nakala ya kulinganisha nayo ni ile iliyopitishwa Juni. Kikundi cha watu watatu au wanne katika kila wadi, wakigawana idara, wanaweza kuimaliza kazi hii na kumpelekea Mwakilishi wa Wadi maswali yaliyoandikwa: mradi gani, ukurasa upi, kiasi gani, na kwa nini.