Nani Asubiri Umeme Ukipungua?

Mhadhara wa umma, Mtinko, Singida



Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme, na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta nao ukaingia gizani. Jenereta zilikuwepo. Iliyotegemewa na sehemu ya majengo ya abiria haikuwaka. Waziri wa uchukuzi aliomba radhi hadharani, na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa kazini. Mkasa huu nauleta Mtinko kwa makusudi, maana nasi tukijiandaa na kukatika kwa umeme huishia kuuliza kama jenereta ipo. Kama itawaka, na ikiwaka itambeba nani, hatuulizi.

Kazi ya mfumo wa kusimamia nishati ya jengo ni kuyajibu maswali hayo mapema. Vyombo vyake si vya ajabu: mita ndogo kwenye kila laini, vihisi vya joto, swichi zinazopokea amri, na kompyuta ya kuviunganisha. Wengi huununua ili kupunguza bili. Mimi nauthamini zaidi kwa sababu unajua kila dakika umeme unakwenda wapi, na ukipungua unaweza kukata huku ukaacha kule.

Mafunzo tumeyapata ya kutosha. Tulipita kwenye mgao wa umeme wa 2006 na wa 2011. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu ya kebo ya baharini. Tarehe 1 Aprili 2024 gridi yetu ya Taifa ilipata hitilafu. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limetuongezea umeme mwingi, nami nalifurahia kwa moyo wote. Lakini nguzo ikianguka kati ya Singida mjini na hapa, megawati hizo hazimfikii mgonjwa aliye kitandani.

Sasa chukueni hospitali ya kijijini yenye chumba cha upasuaji. Nanyi mnayo ya St. Carolus hapa hapa, kwa hiyo mnaijua kazi yake. Umeme umekatika, jenereta inatosha nusu ya mahitaji. Nani apewe? Fundi asiyeshauriwa ataanza na mashine kubwa au ofisi ya mkubwa. Mimi nasema tuangalie kila kifaa kinaweza kusubiri kwa muda gani. Mashine ya oksijeni haina hata dakika za kusubiri. Taa ya upasuaji hali kadhalika. Friji ya chanjo, inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, ikiwa nzuri na mlango haufunguliwi hutunza baridi yake kwa saa kadhaa, mradi kihisi kinaangalia na kupiga kengele kabla mpaka haujavukwa. Pampu ya maji inaweza kungoja hadi kesho ikiwa tangi lilijazwa mapema. Mashine ya kutakasia vifaa hula umeme mwingi, ila kazi yake inaweza kupangiwa saa ambazo gridi ipo. Birika na pasi zizimwe mara moja, bila mjadala.

Kwenye kinu cha alizeti hatari ni nyingine. Mashine ikisimama ghafla, mashudu huganda ndani na kazi ya kuyakwangua hula muda. Umeme ukirudi kwa jenereta, mota zote zikianza kwa pamoja, kila moja huvuta mara tano hadi saba ya umeme wake wa kawaida. Jenereta huelemewa na kuzima tena. Mfumo huziamsha moja baada ya nyingine, kwa kupishana sekunde chache.

Na jenereta ijaribiwe ikiwa na mzigo wa kweli. Kuiungurumisha dakika tano bila mzigo hakuthibitishi kwamba itabeba jengo, na mazoea hayo huijaza masizi. Betri za risasi nazo zisifungiwe kwenye chumba cha moto: joto likizidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10, umri wake hupungua karibu nusu. Mfumo unaweza kurekodi yote haya, lakini lazima awepo mtu mwenye jukumu la kusoma.

Kwa Mtinko siombi mtambo wa kifahari. Anzeni na mita kwenye laini chache, kihisi kwenye friji kinachotuma ujumbe wa simu, na orodha ya nani asubiri. Orodha hiyo asiiandike fundi peke yake. Akae na muuguzi wa chumba cha upasuaji, mtu wa maabara na mtunza chanjo, wabishane mpaka waelewane, kisha waipitie upya kila kifaa kipya kinapoingia. Halafu ibandikwe kando ya bodi ya umeme, kwa Kiswahili, kila swichi ikiwa na jina lake, ili kompyuta ikigoma usiku mlinzi wa zamu ajue ipi aishushe na ipi asiiguse.