Saa ya Kazi na Saa ya Sala
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Nduguti)



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya jambo ambalo wengi wetu hulizungumza barazani wala hatulimalizi: mtumishi Mkristo mwenye kazi nyingi aipate wapi nafasi ya kumwomba Mungu? Twashukuru kwa heshima hii. Hatukuja kuhubiri, maana wahubiri wapo, nao wana mimbari zao. Twataka kulitazama jambo hili kama karani atazamavyo hesabu yake: kipi kimeingia, kipi kimetoka, na kipi kimebaki.

Basi na tuihesabu siku. Siku ina saa 24. Kazi ya Serikali huanza saa moja na nusu asubuhi, nayo hukoma saa tisa na nusu alasiri. Hizo ni saa 8. Tukilala saa 7, zabaki saa 9. Katika hizo 9 mna njia ya kwenda na kurudi, mna maji, chakula, watoto na masomo yao, wageni na wagonjwa. Mvua zikianza, mna shamba la alizeti au la mtama, kwa kuwa mshahara peke yake haumtoshi mwenye watu wengi nyumbani. Na tangu Nduguti ilipokuwa makao ya Wilaya ya Mkalama, iliyotengwa na Iramba mwaka 2012, kazi za afisini hapa si chache. Kwa hiyo mtu akisema, "Sina nafasi," hasemi uongo mtupu. Walakini mtu huyo huyo hupata nafasi ya kukaa kwa mazungumzo mpaka usiku mwingi, na ya kutazama simu kitandani mpaka usingizi umshike. Twaona basi ya kuwa upungufu wetu si wa saa, ila ni wa kuzigawa.

Katika kuzigawa kuna makosa mawili. La kwanza ni la wengi: kuiacha sala mpaka Jumapili, na Jumapili ikifika kuiacha tena kwa sababu ya uchovu wa juma zima. La pili ni la wachache, lakini huliaibisha jina la Ukristo kuliko la kwanza, nalo ni kuichukua saa ya kazi kuwa saa ya ibada. Mzee ametoka mbali, pengine upande wa Ziwa Eyasi, ameketi katika benchi tangu asubuhi akingoja karatasi moja tu itiwe mhuri. Na mwenye mhuri hayupo, amekwenda kusali. Ndugu zetu, saa ile si mali ya karani. Ni mali ya mzee yule, kwa maana ndiyo iliyonunuliwa kwa kodi yake. Kumnyang'anya mtu saa yake ili kumpa Mungu ni kuleta madhabahuni sadaka ya wizi.

Je, Maandiko yana mfano wa watu wa kazi kama yetu? Yanao, tena si mmoja. Danieli alikuwa mtumishi wa serikali. Mfalme Dario aliweka maliwali 120, na juu yao mawaziri watatu, na Danieli alikuwa mmoja wa hao watatu. Alisali mara tatu kila siku, tena nyumbani kwake, katika chumba cha juu, madirisha yakielekea Yerusalemu. Nasi tuangalie sana jambo hili: adui zake walipotafuta kosa katika kazi yake hawakuliona, hata ikawabidi wamtafutie shtaka katika dini yake. Ni wangapi kati yetu ambao adui akizipekua faili zao atarudi mikono mitupu?

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Mfalme alipomwuliza haja yake, hakuwa na nafasi ya kupiga magoti. Alimwomba Mungu moyoni, kisha akamjibu mfalme papo hapo. Sala ile haikumzuia mtu wala haikukawiza kazi. Naye yule Mkushi, mwenye kuitunza hazina ya malkia Kandake, alikisoma chuo cha Isaya garini, katika njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Gaza. Basi tumepata namna tatu: saa iliyowekwa nyumbani, neno fupi la moyoni kazini, na kitabu safarini. Mwenye kwenda Singida kwa basi kupeleka hesabu, akaketi saa nyingi akitazama vumbi dirishani, na amkumbuke Mkushi yule.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yalikwisha zamani katika nchi za mbali. Katika Uganda, Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa msimamizi katika jumba la Kabaka Mwanga. Jumba la mfalme halilali. Kuna wito mchana na usiku. Hata hivyo yeye na vijana watumishi waliomfuata walipata nafasi ya kujifunza dini na kusali pamoja. Mwaka 1885 Askofu Hannington alipouawa kwa amri ya Kabaka, Balikuddembe alimwambia bwana wake wazi kwamba jambo lile ni baya, naye akauawa tarehe 15 Novemba mwaka ule ule. Baada yake Karoli Lwanga aliwaongoza vijana wale, na wengi wao, Wakatoliki kwa Waanglikana, waliuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Twajifunza nini hapa? Kwamba mtumishi asiyekuwa na saa yake mbele ya Mungu hatapata ujasiri wa kusema kweli mbele ya mkubwa wake.

Na katika nchi yetu wenyewe, Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Rais hata mwaka 1985, alijulikana kwa desturi yake ya kwenda Misa asubuhi na mapema. Hapana karani wa Nduguti mwenye shughuli nyingi kuliko Rais.

Kadhalika tusione haya kujifunza kwa jirani zetu Waislamu. Wao hawangoji mpaka nafasi ijilete. Wakati wa sala hujulikana, na mambo mengine hupangwa kando yake. Sisi twangoja nafasi, nayo haiji, kwa sababu kazi ni kama maji: hujaza kila shimo ilionalo wazi.

Basi shauri letu ni hili. Kwanza, mtu achague saa moja isiyobadilika, nayo iwe yake mwenyewe, si ya afisi. Alfajiri ndiyo bora, kabla watoto hawajaamka. Bwana wetu mwenyewe, baada ya jioni ile ya Kapernaumu ambapo mji wote ulikusanyika mlangoni na wagonjwa wao, aliondoka kabla ya mapambazuko akaenda mahali pasipo watu. Pili, aanze kwa kidogo: robo saa ya kila siku yashinda saa mbili za mwezi mara moja, maana haba na haba hujaza kibaba. Tatu, usiku simu ilazwe mbali na kitanda; anayelala mapema huamka mapema. Nne, mume na mke wasaidiane, mmoja awashe moto na mwingine apate utulivu, kisha wabadilishane. Maana mara nyingi mama wa nyumba, ambaye pengine naye ni mtumishi, ndiye asiyeachiwa hata dakika kumi.

Tano, na hili ndilo kubwa, sala ya alfajiri ipimwe saa nne, mbele ya meza. Mzee wa benchini akija, je, atasemeshwa kwa adabu? Karatasi yake itatafutwa, au ataambiwa arudi kesho? Na mwenye kuficha noti katikati ya fomu, atarudishiwa noti yake? Ikiwa ndiyo, robo saa ile haikupotea. Ikiwa sivyo, hata tukikesha usiku kucha tumepiga kelele tu.

Bwana Mwenyekiti, mwaka 1922 Martin Kayamba, mwanafunzi wa Kiungani, pamoja na wenzake walianzisha huko Tanga chama cha Waafrika watumishi wa Serikali. Karani wa nyakati zile alitaka aheshimiwe. Nasi twataka vivyo hivyo. Heshima hiyo hutoka katika benchi lile lililo nje ya mlango wetu, nayo huanza kutafutwa kabla ya jua kuchomoza.