JINA LA CHAMA KATIKA MLANGO WA GARI

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu wa vyama wanachama)



Mmezoea kunisikia nikizungumza juu ya stakabadhi, mizani na leja. Leo naomba nizungumzie jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo, nalo ni maandishi yanayobandikwa katika magari ya vyama vyetu: namna ya kuyaondoa yanapochakaa, na namna ya kuyakinga yasichakae kabla ya wakati wake.

Nitaanza na kisa. Chama kimoja, ambacho sitakitaja, kiliuza pikapu yake kuukuu kwa mnada. Taratibu zilifuatwa: Bodi iliazimia, fedha ziliingia benki, na stakabadhi ilikatwa. Nilipokagua vitabu sikuona dosari. Lakini gari lilitoka uani likiwa bado na jina la chama katika milango yote miwili. Msimu ulipofika, mnunuzi alipita nalo vijijini akikusanya kahawa ya wakulima kwa ahadi ya malipo baada ya siku chache. Wakulima walisoma jina mlangoni, wakampa mazao yao bila kudai stakabadhi. Hakurudi tena. Walipokuja ofisini kudai fedha zao, mzee mmoja aliniambia mbele ya Bodi: "Mwanangu, mimi sikumwamini yule kijana. Niliuamini mlango."

Vitabu vya chama havikuonyesha deni lolote kwa wakulima wale. Hata hivyo, chama kilipoteza imani yao, na imani hairudishwi kwa hundi. Nami nilijilaumu, kwa maana niliikagua leja nisiukague mlango.

Ndugu Makatibu, kubadilika kwa majina si jambo geni kwetu. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na kazi zake zikakabidhiwa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Kisha zikafuata sheria za 1991, 2003 na 2013. Zamani jina liliandikwa kwa brashi na rangi, na kulifuta kulitaka rangi nyingine juu yake. Siku hizi fundi hukata au huchapa jina katika vinaili, yaani plastiki nyembamba yenye gundi, ambayo wengi tunaiita stika. Kazi imekuwa nyepesi, lakini haikuondoa haja ya uangalifu.

Vinaili ni za namna mbili. Ya kwanza hutengenezwa kwa kukandamizwa baina ya rola zenye moto. Bei yake ni nafuu, lakini baada ya muda hujikunyata na kingo zake huinuka. Ya pili hutengenezwa kwa kumwagwa ikiwa majimaji na kukaushwa. Ni nyembamba, yapata milimita 0.05, hukaa vizuri penye mikunjo ya bodi, na huishi muda mrefu zaidi. Adui wa zote mbili ni jua. Mionzi ya urujuanimno hupausha wino na kuifanya plastiki kuwa kavu na yenye kukatika. Hapo ndipo kuiondoa kunapokuwa taabu.

Sasa nieleze namna ya kuiondoa. Kwanza, osha gari likauke. Pili, ipashe stika moto wa kiasi, kama nyuzi 50 hadi 60 za Sentigredi, ili gundi ilainike. Fundi mwenye mashine ya kupuliza hewa ya moto ataitumia kwa kuizungusha, asiilenge mahali pamoja, maana rangi inaweza kuungua. Asiye na mashine na aliegeshe gari katika jua la mchana, au atumie kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto. Tatu, inua pembe moja kwa ukucha au kwa kipande cha plastiki, kisha vuta kwa mshazari na polepole. Haraka haraka haina baraka: ukivuta kwa nguvu, stika itakatika vipande vidogo vidogo, au itang'oa rangi, hasa katika mlango uliowahi kupakwa rangi upya.

Nne, gundi inayobaki ilowekwe kwa kitambaa chenye spiriti au mafuta ya taa kwa dakika chache, mbali na moto, baada ya kujaribu kwanza mahali pasipoonekana. Ikishalainika ikwanguliwe kwa plastiki, halafu pale paoshwe kwa sabuni na maji, kwa sababu stika mpya haishiki penye mafuta. Msitumie petroli, ambayo huwaka upesi. Wala thina, ambayo huyeyusha rangi. Wala wembe au msasa, ambavyo huacha mikwaruzo ambayo baadaye hualika kutu. Aidha, mabaki yasichomwe uani. Plastiki ya namna hii ikiungua hutoa gesi yenye tindikali, nayo hudhuru mapafu.

Tano, simameni mbali mkautazame mlango. Mara nyingi jina huonekana bado kama kivuli, kwa kuwa rangi iliyokuwa chini ya stika haikupauka kama ile ya pembeni. Kivuli hicho hupunguzwa kwa kompaundi na polishi. Kikiwa bado kinasomeka katika gari linalouzwa, pakeni mlango rangi. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ile niliyoieleza katika kisa changu.

Sasa nije kwenye kinga. Stika iliyochapwa kwa mashine huweza kufunikwa kwa utando mwembamba unaopitisha mwanga, ambao mafundi huuita lamineti. Utando huu hupunguza nguvu ya mionzi ya jua, na huzuia mikwaruzo ya vumbi, matone ya dizeli na msuguano wa kuoshwa mara kwa mara. Faida nyingine haisemwi sana: huipa stika unene na nguvu, hata siku ya kuiondoa ikabanduka kwa vipande vikubwa. Herufi zilizokatwa katika vinaili yenye rangi yake yenyewe hazina haja kubwa ya lamineti. Picha na nembo zilizochapwa kwa wino ndizo zenye haja.

Wengi huikataa kwa sababu ya bei. Basi tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme nembo isiyo na kinga inagharimu shilingi 200,000 na kudumu miaka 2. Hiyo ni shilingi 100,000 kwa mwaka. Tuseme yenye lamineti inagharimu shilingi 280,000 na kudumu miaka 4. Hiyo ni shilingi 70,000 kwa mwaka. Kila Katibu afanye hesabu kama hii kwa bei za fundi wake kabla ya kupeleka makadirio mbele ya Bodi.

Mkikubaliana na fundi, ulizeni mambo matatu. Je, lamineti ni ya namna moja na vinaili? Zikitofautiana, moja hujikunyata na nyingine haifuati. Je, wino wenye viyeyushi umeachwa ukauke angalau saa 24 kabla ya kufunikwa? Ukifunikwa mbichi, gundi hulegea na stika huinuka. Je, pembe zimekatwa kwa mviringo? Pembe kali ndizo zinazoinuka kwanza.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kila chama kiandike mambo mawili katika muhtasari wa Bodi. La kwanza, gari lisikabidhiwe kwa mnunuzi kabla jina halijaondolewa na Katibu kutia sahihi kwamba ameuona mlango kwa macho yake, pamoja na kuhakikisha umiliki umehamishwa katika kadi ya gari. La pili, tarehe ya kubandika na ya kuondoa iandikwe katika daftari la mali za kudumu. Wahenga wamesema, mali bila daftari huisha bila habari. Jina la chama nalo ni mali.

Nitakapokuja kukagua mwaka huu, nitaanzia uani kabla ya kuingia ofisini.