Baiskeli Mijini: Ya Mtu Binafsi na ya Umma



Husemwa mara kwa mara kwamba Waholanzi hupanda baiskeli kwa sababu nchi yao ni tambarare na hiyo ndiyo desturi yao tangu zamani. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nchi hiyo ilikuwa tambarare vile vile katika miaka ya 1960, na hata hivyo wapanda baiskeli walikuwa wakipungua. Motokaa ziliongezeka, barabara zikapanuliwa kwa ajili yake, na mwenye baiskeli akasukumwa pembezoni. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani nchini humo. Zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto.

Wazazi waliandamana kudai kwamba mauaji hayo ya watoto yakomeshwe. Mwishoni mwa mwaka 1973 ulitokea uhaba wa mafuta, na serikali ikapiga marufuku motokaa siku za Jumapili kwa muda. Katika miaka iliyofuata, serikali na halmashauri za miji zilianza kujenga njia za baiskeli zilizotengwa na motokaa. Wananchi walipoondolewa hofu, walirudi wenyewe kwenye baiskeli.

Ni dhahiri, basi, kwamba mwenye baiskeli yake huhitaji kwanza usalama wa njia, na pili mahali pa kuiacha pasipo kuibiwa. Ndiyo maana katika mji wa Utrecht, mwaka 2019, ilikamilishwa hifadhi ya baiskeli 12,500 chini ya kituo cha garimoshi.

Baiskeli ya matumizi ya pamoja huhitaji jambo la tatu, nalo ni msimamizi. Mwaka 1965 vijana wa kikundi cha Provo walitoa baiskeli chache nyeupe mjini Amsterdam, ili kila mtu aitumie na kumwachia mwenzake. Polisi walizikamata, kwa kuwa sheria ilikataza kuacha baiskeli bila kufuli. Nia ilikuwa njema, lakini mali bila daftari hupotea bila habari.

Nchini China, mnamo mwaka 2017, kosa lilikuwa la namna nyingine. Makampuni yalishindana kumwaga baiskeli mijini hadi zikaziba njia za waenda kwa miguu, na baadhi yalipoanguka, malundo ya baiskeli yakabaki kuwa vyuma chakavu. Fedha zilikuwapo, mipango haikuwapo.

Uholanzi yenyewe ilijirekebisha. Tangu mwaka 2003 abiria wa garimoshi huazima baiskeli kituoni kwa ada ndogo. Jina la mwazimaji hujulikana, na yupo anayewajibika kuitengeneza inapoharibika.

Dar es Salaam, mradi wa mabasi yaendayo haraka ulioanza kazi mwaka 2016 ulikuja na njia za baiskeli kando ya barabara ya Morogoro. Njia hizo zitabaki za baiskeli iwapo tu hazitageuzwa kuwa maegesho, gulio au njia ya pikipiki. Kuzilinda ni wajibu wa ofisa aliyekabidhiwa mji. Mwalimu naye anayo haki ya kumuuliza ofisa huyo, kila asubuhi, kama mwanafunzi aliyetoka nyumbani kwa baiskeli atafika darasani salama.