Orodha Yenye Sahihi Mbili

 

Leo tungependa kuzungumza na mume na mke wanaofungasha vyombo vyao ili kuhama nchi, au kurudi nyumbani baada ya kukaa ugenini. Tutasimulia yaliyotupata sisi wenyewe, mchungaji na mkewe, na mtatuvumilia, maana si habari ya kujisifu.

Mwaka 2016 tulirudi Kenya kutoka Uingereza, tulikokaa miaka mitatu kwa masomo. Vitabu peke yake vilijaza makasha 14. Kulikuwa na jokofu, vitanda, baiskeli za watoto, na sufuria nyingi kuliko wapishi. Vyote vilitiwa ndani ya kontena la futi 20 vije Mombasa kwa meli, nasi tukatangulia kwa ndege.

Kabla ya kufunga ilitupasa kuandika orodha: kila kasha na namba yake, vilivyomo, ni vipya au vimetumika, na thamani ya kila kimoja. Tuliketi mezani jikoni usiku tatu. Wapendwa, kama hamjapata kuketi wawili mkataja bei ya kila kitu mlicho nacho, bado hamjajuana vizuri.

Sheria yenyewe ina huruma kwa anayehama. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasamehe ushuru wa nguo na vyombo vya nyumbani ambavyo mtu alikuwa akivitumia kule alikotoka, pamoja na gari moja alilolimiliki na kulitumia huko kwa miezi 12 au zaidi. Vyombo vinatakiwa kufika ndani ya siku 90 tangu mwenyewe awasili. Kamishna aweza kuongeza muda, lakini usipite siku 360. Liangalieni neno hilo, alikuwa akivitumia. Cherehani mpya iliyo katika katoni yake haijatumika na mtu. Na mzigo wa rafiki si chombo cha nyumba yako, hata ukiufunika kwa blanketi lako.

Sisi tuliandika juu ya orodha: vyote vimetumika. Chini tukatia sahihi wote wawili. Cherehani tulikuwa tumeinunua majuma matatu tu kabla ya hapo. Hilo tulilijua na tulipatana. Lakini mmoja wetu (hatutasema ni yupi, tumekubaliana hivyo) alikuwa amepokea kompyuta tatu mpya kwa mwenzetu wa kanisa la kule, ziwafikie jamaa zake Nakuru. Akazitia katikati ya magodoro, wala hakumwambia mwenzake.

Pale Mombasa wakala wetu alipeleka hati, na afisa akaamuru kontena lifunguliwe. Hilo ni jambo la kawaida. Saa ile mmoja wetu alikuwa amekwenda kutoa nakala za pasipoti. Afisa, kijana mwenye adabu, akazishika zile kompyuta akamwuliza aliyebaki, "Na hizi, ni zenu?" Akajibu kwa moyo safi kwamba si zao, hajapata kuziona. Afisa hakusema neno. Mwenzake aliporudi aliulizwa swali lilo hilo, naye akajibu bila kusita, "Ni zetu, tumezitumia miaka miwili."

Habari za Anania na Safira, katika Matendo ya Mitume sura ya tano, tumezihubiri mara nyingi, na siku zote tulizihubiri kama habari za fedha. Pale bandarini, jasho likitutoka, tulikumbuka kwamba Petro alimwuliza kila mmoja peke yake, na kwamba mke aliingia baada ya saa tatu bila kujua yaliyotukia. Lakini hao walau walikuwa wamepatana. Kwetu, mmoja alikuwa ametia sahihi uongo asioujua.

Afisa angeweza kutufanyia mabaya zaidi. Alitupa orodha akasema tukaandike nyingine. (Watu wa forodha tumewasema sana mimbarani, tukisahau Mathayo aliitwa akiwa ameketi wapi.)

Usiku ule, katika nyumba ya wageni, hatukuandika upesi. Aliyedanganywa hakuuliza juu ya kompyuta. Aliuliza, "Kuna kingine?" Kisha akauliza tena, polepole, "Katika nyumba yetu, kuna kitu kingine nisichokijua?" Kilikuwapo. Palikuwa na deni la chuoni, na barua moja iliyofichwa, na mambo mengine yasiyohusu redio. Ilipofika saa tisa ya usiku tulikuwa bado hatujafika kasha la pili, na mmoja wetu alikuwa amelia.

Asubuhi tulimpelekea afisa orodha mpya. Palipokuwa na cherehani tuliandika, mpya. Palipokuwa na kompyuta tuliandika, mpya, si zetu. Tulilipa ushuru na faini. Kontena lilikuwa limekaa siku tisa zaidi, na bandari na wenye meli wote wawili walituhesabia kila siku. Fedha hizo tulizikopa, tukamaliza kulipa mwaka uliofuata.

Orodha ile ya kwanza tunayo hata leo, imo ndani ya droo ya cherehani. Tunaiona kila shati linapopoteza kifungo.

Mpaka juma lijalo, Bwana awe nanyi.